Mtumba, Daftari na Posho: Taratibu za Nyumba za Biashara katika Kasongo ya Kale

Aghalabu ya walioandika habari za Kasongo wameandika habari za bunduki. Wametueleza nani alimpiga nani, ngome ipi ilivunjwa, na bendera ipi ilishushwa ili nyingine ipandishwe. Wala si ajabu, kwa kuwa nchi ya Maniema ya kusini, baina ya Kabambare na mto Lualaba, iliona vita vingi katika muda usiozidi miaka 30. Lakini Kasongo, kabla haijawa ngome ya mtu yeyote, ilikuwa mji wa nyumba za biashara. Na nyumba hizo, hata ile iliyokuja kuzipita zote kwa mali na kwa jina, zilianza kwa mizigo michache iliyokopwa Unguja. Ninalokusudia kulieleza ni mambo ya ndani ya nyumba hizo: jinsi mali ilivyofungwa na kuandikwa, jinsi kazi ilivyogawanywa, na jinsi watu walivyolishwa na kusimamiwa, kwani ni itikadi yangu kwamba kilichomfanya mfanyabiashara mmoja apate na mwenziwe afilisike, ilhali njia ilikuwa moja na pembe zilikuwa zile zile, kilikuwa tadbiri ya mambo hayo madogo kuliko wingi wa baruti.

Yafaa msomaji aiweke njia yenyewe mbele ya macho yake. Mali ilitoka Unguja kwa jahazi hata Bagamoyo, ikapanda kwa mabega ya wapagazi hata Tabora, kutoka Tabora hata Ujiji, ikavushwa ziwa la Tanganyika kwa mitumbwi hata Mtoa, kisha ikapita milimani na misituni hata Kabambare, na mwisho wake ikafika Kasongo, upande wa mashariki wa Lualaba. Katika safari ya namna hii kosa lililofanywa Unguja siku ya kufunga mizigo halikutambulikana ila baada ya miezi mingi, mahali ambapo hapana duka la jirani la kuliendea. Ushanga ulikuwa wa namna nyingi, na kila nchi ilikuwa na wake iupendao. Aliyechukua rangi isiyotakikana aliwalipa wapagazi ujira mzima kwa kubeba kitu ambacho hata kuku hakukinunua.

Katika miaka ya mwanzo, hata hivyo, makosa kama hayo hayakumwua mtu, kwa sababu faida ilikuwa kubwa mno. Dokta Livingstone alifika Kabambare, mji aliouita Bambarre, mwezi wa Septemba 1869, akawa akitoka na kurudi, na baadaye akalazwa humo muda mrefu kwa vidonda vya miguu. Naye ameandika jinsi habari za pembe za Maniema zilivyowavuta watu wa Ujiji kwa makundi, kila mmoja akihofu mwenziwe asimtangulie. Stanley, aliyekutana naye Ujiji mwaka 1871, alitaja bei ya Unguja kuwa dola 50 hata 60 kwa frasila moja, yaani ratili 35, ilhali katika Maniema ratili ya pembe ilipatikana kwa shaba isiyofikia thamani ya senti 15. Faida ya namna hiyo ni hatari kwa tabia ya mfanyabiashara. Humfanya adhani kuwa ana akili, kumbe ana bahati tu. Na mizigo inayopotea njiani, na watu wanaotoroka, na nguo zinazoliwa na mchwa, vyote hufunikwa na uchumi wa pembe chache zilizofika salama. Kadiri pembe za karibu zilivyokwisha, na safari ilivyopasa kwenda mbali zaidi, ndivyo mfuniko huo ulivyoondoka, na hapo ndipo tofauti baina ya nyumba na nyumba ilipoonekana.

Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye watu wa bara walimwita Tippu Tip, alizaliwa Unguja takriban mwaka 1837, na katika ujana wake alikuwa mchuuzi miongoni mwa wachuuzi. Mali yake ilikuwa ya watu. Matajiri wa Kihindi wa Unguja ndio waliowakopesha wasafiri wa bara, na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, katika Desturi za Wasuaheli zilizopigwa chapa na Carl Velten mwaka 1903, ameacha maelezo mazuri ya mambo ya safari za bara kama mtu aliyeyajua kwa karibu. Mkopaji alipewa nguo, ushanga, masango na baruti, naye akaandika khati ya deni. Na kwa kuwa mdai hakuwa na njia ya kumfuata mdeni hata Maniema, amana yenyewe ilikuwa jina la mtu, ukoo wake, na habari zilizorudi pwani juu ya mwenendo wake. Taria Topan, tajiri mzaliwa wa Kutch aliyekuja kuikodi forodha ya Unguja kuanzia 1876, ndiye aliyemwamini Hamed kuliko wote. Hamed aliondoka pwani takriban mwaka 1870, asionekane tena Unguja hata mwisho wa mwaka 1882. Yapasa tuuzingatie muda huo. Kwa miaka 12 tajiri alikuwa na karatasi mkononi, na mdeni wake alikuwa nyuma ya ziwa. Tena walipoonana, mapatano yao hayakuvunjika. Haiwezekani jambo hili lisimame kwa urafiki peke yake. Lilisimama kwa barua zilizokwenda na kurudi, na kwa pembe zilizotangulizwa pwani pamoja na hesabu zake. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na msemo huo, nionavyo, umelipiwa gharama njiani humo kuliko madukani.

Tutazame sasa kitu kimoja kwa karibu, nacho ni mtumba wa nguo. Richard Burton, aliyepita njia ya Tabora na Ujiji mwaka 1857 na 1858, ameueleza kwa makini. Nguo zilikunjwa, zikabanwa na kufungwa kwa kamba hata zikawa mzigo mrefu mgumu, kisha zikafungiwa baina ya vijiti virefu vyenye panda, vilivyotokeza chini, ili mpagazi afikapo kituoni ausimamishe mzigo wake penye mti usiiguse ardhi yenye unyevu na mchwa, na alfajiri auinue begani bila kuinama sana. Vijiti vile havina thamani yoyote; hukatwa porini bure. Lakini mtu ahesabu idadi ya asubuhi katika safari ya miezi mingi, na idadi ya mabega katika msafara wa watu mia mbili, ndipo atakapotambua kuwa panda hizo ziliokoa nguvu nyingi, na nguo nyingi, kuliko askari waliotembea ubavuni mwa mizigo. Kadhalika mtumba mmoja aghalabu ulitiwa nguo za namna mbalimbali, merikani, kaniki na vitambaa vya rangi, kwa kiasi kilichojulikana. Hivyo mzigo mmoja ukizama mtoni haukupotea pamoja nao mtaji wote wa namna moja, na mwenye msafara akitaka kulipa hongo, yaani ushuru wa njia, hakulazimika kufungua mizigo 10 ili apate nguo 10. Juma bin Salum, Mwarabu aliyekuwa akifanya biashara nchi ya Uluba wakati msafiri Cameron alipopita mwaka 1874, alijulikana pande zote kwa jina la Juma Merikani, kwa sababu ya nguo ile iliyokuwa fedha ya njia nzima.

Kasongo yenyewe ilishika daraja yake baada ya takriban 1875, Hamed alipoifanya makao. Ukuu wa mji huu katika biashara haukutokana na pembe zilizopatikana papo, bali ulitokana na shamba na ghala. Msafara unaonunua chakula kila kijiji hula rasilmali yake njiani, tena hugombana na wenyeji kila jioni, kwa kuwa mwenye njaa na bunduki hasubiri bei. Kwa hiyo wakubwa wa Kasongo na wa Nyangwe, mji wa soko kando ya Lualaba, walilima mpunga, nafaka ambayo waungwana waliileta kutoka mashariki nayo ikaota vizuri katika mabonde ya Maniema. Wakapanda mahindi, migomba, michungwa, minanasi na hata kahawa. Mchele mkavu hukaa ghalani na huchukulika njiani, na posho iliyopimwa kwa kibaba kutoka ghala ya nyumba ilimwezesha msimamizi kujua leo kama wiki hii ana chakula cha kuwapeleka watu wake hata kituo cha pili. Hapo tena kazi ikagawanyika. Muhammed bin Said, aliyeitwa Bwana Nzige, jamaa yake Hamed, alishika mambo ya Kasongo. Sefu bin Hamed alikuwa na sehemu yake. Rashid, mwana wa Bwana Nzige, akawekwa mbali kaskazini penye maporomoko ya Stanley. Kila mmoja alijua eneo lake na mali aliyokabidhiwa, na mkubwa akisafiri nyumba haikulala.

Mapatano ya kazi nayo yaliandikwa kwa namna ambayo hata leo ingestahili kusomwa. Mwezi wa Oktoba 1876 Stanley alimkuta Hamed karibu na Kasongo, akataka kusindikizwa kuifuata Lualaba kaskazini. Hawakupatana kwa maneno ya jumla. Walihesabu vituo 60, kila kituo mwendo wa saa 4, ujira ukatajwa, na chakula cha watu wa Hamed wakati wa kurudi kikatajwa pia. Na juu ya hayo ugomvi haukukosekana, kwani Stanley ameandika kuwa ujira ulikuwa dola 5,000, naye Hamed katika kitabu cha maisha yake amesema aliahidiwa 7,000, na mwezi wa Desemba waliagana kabla vituo 60 havijatimia. Nimelitaja jambo hili kwa sababu linatuonyesha kuwa hata pale palipokuwa na vipimo vya saa na vituo, kila upande ulibaki na hesabu yake. Basi palipokuwa hapana vipimo kabisa hali ilikuwaje?

Jibu la swali hilo limo katika kadhia ya Yambuya, ambayo nitaikalia kidogo, maana sijui mfano ulio wazi kuliko huo wa kazi kuharibika kutoka ndani. Mwezi wa Februari 1887, huko Unguja, Hamed aliahidi kumpa Stanley wapagazi 600 kwa msafara wa kumwokoa Emin Pasha, na baruti ya watu hao ilipasa kutoka kwa Stanley. Stanley akatangulia msituni mwezi wa Juni, akawaacha Meja Barttelot na wenzake Yambuya, kwenye mto Aruwimi, wangoje wapagazi waichukue mizigo iliyobaki. Wapagazi hawakuja. Baruti haikuwa imefika kama ilivyotajwa, na kila upande ukashika kifungu cha mkataba kilichoufaa wenyewe. Miezi ikapita, watu wakafa kambini kwa maradhi na kwa chakula kibaya, hata Jameson, mmoja wa maafisa wale, akasafiri mwenyewe hata Kasongo mwezi wa Aprili 1888 kumfuata Hamed na kuwataka watu.

Watu zaidi ya 400 wakapatikana hatimaye. Hamed alipofika Yambuya na kuiona mizigo iliyofungwa kwa ratili 60, akakataa. Akasema watu wake hawatachukua zaidi ya ratili 40. Waingereza waliona kuwa ni hila ya kuwachelewesha. Mimi naona alisema neno la mtu aliyeijua kazi yake: waliokusanywa hawakuwa Wanyamwezi waliolelewa katika upagazi tangu utoto, na njia haikuwa ya mbuga bali ya msitu wenye matope na magogo. Mizigo ikafunguliwa ikafungwa upya, kazi ambayo ingaliweza kufanywa zamani, wakati watu walipokuwa wakikaa bure kwa miezi 10.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa katika usimamizi. Alitafutwa mnyapara mkuu, Mwinyi Sumai, akaahidiwa pauni 1,000 ili awaongoze wapagazi wote. Kwa juu lilikuwa jambo la busara: mtu mmoja, dhamana moja, ujira mnono. Lakini wapagazi wale walikuwa makundi makundi, kila kundi na mkubwa wake waliyetoka naye kijijini au nyumbani kwa bwana wao, na Mwinyi Sumai hakuwalisha, hakuwaleta, wala hakuwa na la kuwafanya wakimwasi. Barttelot akaondoka Yambuya mwezi wa Juni 1888; wapagazi wakatawanyika njiani, wengine wakatupa mizigo; na tarehe 19 Julai, huko Banalya, yeye mwenyewe akapigwa risasi akafa. Mwinyi Sumai akaondoka zake. Stanley aliporudi mwezi wa Agosti alimkuta afisa mmoja tu kati ya watano aliowategemea. Katika misafara ya Kasongo yenyewe desturi ilikuwa kinyume cha hivyo. Kila mnyapara alisimama na watu wake anaowajua majina, aliwapa posho kwa mkono wake, na aliwajibika kwa mizigo yao mmoja mmoja. Na mkubwa wa msafara alikuwa na wanyapara wachache wa kuwauliza, si wapagazi mia nne. Waungwana walilijua jambo hili kwa uzoefu wa miaka mingi, na fedha za Stanley hazikuweza kulinunua kwa siku moja.

Haitakuwa haki, wala haitakuwa kweli, kuzisifu taratibu hizi na kunyamaza juu ya msingi uliozichukua. Mpunga wa Kasongo ulilimwa na watumwa. Pembe nyingi hazikununuliwa kabisa. Zilitwaliwa kwa vita, kama Hamed mwenyewe anavyosimulia bila kuficha alipompiga Nsama wa Itawa mwaka 1867 na kuyakuta maghala yake yamejaa. Nyumba iliyojua kila doti ya nguo ilikokwenda haikuandika mahali popote gharama ya kijiji kilichochomwa, na hata kwa hesabu ya biashara tupu, tukiuacha ubinadamu kando kwa dakika moja, gharama hiyo ilikuwa kweli na ililipwa.

Tarehe 15 Julai 1871 soko la Nyangwe lilikuwa limejaa watu, wengi wao wanawake waliovuka Lualaba na samaki, mihogo, vyungu na kuku. Livingstone alikuwepo. Aliwaona watu wa mfanyabiashara Dugumbe wakiingia sokoni na bunduki, akashangaa, maana haikuwa desturi. Akamsikia mmoja akigombana na muuzaji juu ya bei ya kuku, na baada ya muda kidogo risasi zikaanza. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa, kwa risasi na kwa kuzama mtoni, kuwa baina ya 330 na 400. Mji ambao chakula chake kiliingia kwa mikono ya wanawake hao ulikuwa umewapiga wanawake hao. Vibarua wenye silaha waliachwa wapite sokoni bila mkubwa aliyewajibika kwao, katika nyumba ambazo kwa masango na ushanga zilikuwa na walinzi usiku na mchana. Watu wa ng'ambo ya mto hawakusahau, na miaka 20 baadaye, majeshi ya Dola Huru ya Kongo yalipokuja, wakubwa wengi wa nchi walikuwa tayari kuyafuata, wakiwemo waliowahi kuwatumikia wenye Kasongo.

Mwisho wenyewe ulikuwa wa haraka. Amri ya Septemba 1891 iliifanya pembe kuwa mali ya Dola, na biashara iliyofuata njia ya Unguja ikahesabiwa kuwa wizi. Hamed alikuwa amekwisha kuondoka Kasongo mwaka 1890. Na kabla ya hapo, mwishoni mwa mwaka 1889, Stanley alimfungulia kesi Unguja kwa ajili ya mambo ya Yambuya, akadai pauni 10,000, akizikamata fedha za pembe ambazo Dola ilimlipa Hamed kupitia mkononi mwa Jaffer, mwana wa Taria Topan. Kesi iliachwa baadaye. Vita vikaanza mwaka 1892, Nyangwe ikatekwa Machi 1893, na tarehe 22 Aprili Dhanis, mkuu wa majeshi ya Dola, akaingia Kasongo. Daktari Hinde, aliyekuwa naye, ameorodhesha kwa mshangao vitu walivyovikuta: vitanda vya kuchongwa na magodoro ya hariri, sukari, viberiti, mishumaa, vyombo vya fedha na vya kioo, na pamoja navyo pembe zipatazo tani 25. Wasomaji wengi hustaajabia hariri. Mimi husimama penye pembe. Tani 25 ni zaidi ya frasila 1,500, na zote zilikuwa zimelala. Hazikuwa zimelipa deni hata moja Unguja. Nyumba zilizokuwa hodari wa kukusanya zilifungiwa mlango wa kutoa, na mali ghalani ikawa ya mshindi. Kabambare nayo ikaanguka Januari 1894.

Hamed aliishi Unguja hata Juni 1905. Maisha yake, aliyoyaandika kwa Kiswahili na ambayo Heinrich Brode aliyapiga chapa mwaka 1902 na 1903, yamejaa frasila na riali: nani alikopa nini, pembe ngapi zilichukuliwa wapi, nani alilipa na nani hakulipa. Barua na mikataba ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kutoka pande hizi za Kongo imehifadhiwa Tervuren, Ubelgiji, na wanazuoni wameanza kuisoma na kuifasiri. Wenye asili ya Kasongo wangefaa kuwa wa kwanza kuisoma, maana humo zimo taratibu za babu zao, pamoja na majina ya watu walioandikwa kama mali.

Katika Kasongo yenyewe mambo hayakupotea sawasawa. Reli ya Kindu na Kongolo ilipokamilika mwishoni mwa mwaka 1910, elimu ya kufunga mtumba kwa panda na kupanga wanyapara ilikosa kazi, na vijana hawakuwa na sababu ya kujifunza. Lugha ilibaki, na Uislamu ulibaki. Mpunga ulibaki pia, ila mikono iliyoulima ilibadilika, kwani watoto na wajukuu wa wale waliolima kwa amri walianza kulima mashamba yao wenyewe, na mchele wao ukapanda reli ukaenda kuuzwa mbali. Mwenye gunia zake 4 au 5 aliyefika stesheni alikuwa na shughuli ile ile ya wenye misafara: kujua alichotoa ghalani, kilichokwenda kwa wabebaji, kilichobaki kwa ajili ya watoto nyumbani, na anachodaiwa na mwenye duka aliyemkopesha jembe na nguo.